Mtandao wetu wa wanafunzi wa kupinga vita una vyuo vinne na umeanza kutushinda, tuupange vipi?

kalamu_ya_risasi:
Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo kwa waliowahi kupita njia hii. Vita yenyewe siitaji makusudi, nikiitaja tu watu wataanza kubishana upande upi una haki na swali langu litazama.

Iko hivi. Chuoni kwetu tulianza watu saba, tukasema haiwezekani watu wanakufa kila siku halafu sisi tunaenda lekcha tunarudi hosteli kama hakuna kitu. Mkutano wa kwanza walikuja kama sitini, wengine wakasimama mlangoni. Tukapata moyo, tukawatafuta wenzetu wa vyuo vingine vitatu waliokuwa na vikundi vyao tayari, tukaungana, tukafungua grupu la WhatsApp. Leo grupu lina watu zaidi ya mia tatu ila mkutano wa juzi tulikuwa tisa. Na sisi tisa tumekaa saa nzima na nusu tunabishana jina la mtandao na nembo, eti njiwa awe na tawi mdomoni au asiwe nalo. Nyuma kabisa alikaa dada mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye familia yake iko huko huko vitani, muda wote kashika simu, haiangalii wala haiweki chini, anasubiri tu iite. Mwishoni akanyoosha mkono akauliza, "Sasa kesho asubuhi tunafanya nini?" Hakuna aliyemjibu. Nimetoka na hilo swali na bado ninalo.

Vyuo navyo vinavutana. Kile kikubwa kinataka kura kwa idadi ya watu, vidogo wanasema basi tutaburuzwa. Wengine wanataka tupinge vita zote duniani na mfumo mzima, wengine hii moja tu. Na mitihani hiyo inakuja. Nani aamue, tuanze na nini, na tufanyeje isife likizo ikifika?

mjumbe_wa_zamani:
Pole mkuu na hongera pia, sitini mkutano wa kwanza si haba. Mimi nilikuwa kwenye mtandao kama wenu, vyuo sita, ulikufa na najua ulipofia. Ulifia kwenye grupu. Watu walidhani kuwa ndani ya grupu ndo kushiriki, mtu anatupia klipu ya nyumba iliyopigwa bomu saa saba usiku, watu wanaweka emoji ya kulia, kumekucha hakuna hata mmoja aliyebandika bango. Grupu lifanyeni la matangazo tu, waandike maadmini peke yao, kazi ifanyike ana kwa ana, kila chuo kiwe na kamati yake inayokutana siku ile ile saa ile ile kila wiki hata mkiwa wanne.

Kura, kila chuo wajumbe wawili, kiwe kikubwa kiwe kidogo, na mjumbe aje na alichotumwa na wenzake sio alichoota njiani. Chuo kikubwa kikinung'unika kiambieni mtandao haumlazimishi mtu, unapanga yale tu ambayo wote wamekubali kuyafanya pamoja, mengine kila mtu na kwake. Sisi tulimwachia mwenyekiti kila kitu, kijana hodari kwelikweli, namba zote za simu anazo yeye, nywila ya akaunti anayo yeye, siku amemaliza chuo na mtandao ukamaliza. Kwa hiyo kati ya wale wajumbe wawili mmoja lazima awe wa mwaka wa kwanza, na awe anafundishwa kazi tangu siku ya kwanza, asije kubeba maji tu. Huyo ndo atakayewavusha likizo.

msomaji_wa_usiku:
Naongezea kwenye hilo la "vita zote au hii moja", maana liliwasumbua watu kabla hata babu zetu hawajaoa. Marekani miaka ya 1930 kulikuwa na vyama viwili vya wanafunzi, kimoja kiliegemea wakomunisti kingine wasoshalisti, na hawakupendana. Ila vita ya kwanza ya dunia ilikuwa bado mbichi kwenye vichwa vya watu, wakaweka ugomvi pembeni wakakubaliana kitu kimoja: Aprili 13, 1934, saa tano asubuhi, mwanafunzi atoke darasani kwa saa moja. Walitoka kama 25,000, wengi wao New York. Mwaka uliofuata wakarudia, na hesabu ikapita 150,000, na mwisho wa 1935 vile vyama viwili vikaungana kuwa kimoja. Ona mpangilio wake, walianza na saa moja ya kazi pamoja, muungano ukaja baadaye. Nyie mmeanza na muungano na nembo, kazi bado.

Na chama hicho hicho kilichoungana kikaja kuvunjika. Stalin, kiongozi wa Urusi ya kikomunisti, alipoandikiana mkataba na Hitler 1939, viongozi waliofuata msimamo wa chama cha kikomunisti wakageuka ghafla, wanachama wakabaki midomo wazi, kufika 1941 hakipo tena. Kwa hiyo jamani msikubali mtandao wenu uendeshwe kwa rimoti na chama chochote cha siasa, hata kile mnachokipenda. Mtu awe na chama chake, sawa, ila kwenye kikao asemee chuo chake.

Sasa "kesho asubuhi". Mimi ningeanza na mkesha wa masomo. Machi 1965 Rais Johnson wa Marekani ameanza kuipiga mabomu Vietnam ya Kaskazini, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Michigan huko huko Marekani walitaka kugoma kufundisha siku nzima, wakaandamwa na wanasiasa, basi wakageuza, wakasema hatuachi kufundisha, tutafundisha usiku kucha. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 wakaja watu zaidi ya 3,000. Katikati pakatolewa vitisho vya bomu, jengo likabidi liachwe, watu wakatoka nje kwenye baridi wakaendelea kusikiliza huko huko. Ndani ya wiki chache vyuo vingine kibao vikaiga. Hiki ndicho ninachokipenda, hakuna aliyewaagiza, waliona jambo linafanyika wakalifanya kwao. Mtandao wenu unaweza kukua hivyo hivyo.

Baraza_la_Nje:
Sipingani na wenzangu ila mkesha peke yake hautoshi, tusidanganyane. Mtu anakuja, anasikiliza, analia, anaenda kulala, na vita inaendelea. Ulizeni hela ya chuo chenu iko wapi. Chuo kinaweza kuwa na mfuko wa uwekezaji, hisa, mikataba ya utafiti na kampuni za silaha. Ombeni ripoti ya fedha, someni mstari kwa mstari, kisha dai lenu liwe moja na liwe na anayeweza kulijibu ndiyo au hapana. "Tunataka amani" hakuna wa kumpelekea. "Baraza la chuo litoe hela yake kwenye kampuni fulani" ina mtu, ina ofisi, ina tarehe ya kikao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1985 walifunga mlango wa jengo kwa minyororo wakakaa hapo wiki tatu kudai chuo kitoe hela yake kwenye kampuni zinazofanya biashara na makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka huo huo chuo kikakubali kuitoa.

msomaji_wa_usiku:
@Baraza_la_Nje nakubali dai liwe na mwenye kulijibu, hilo umenena. Lakini hiyo ripoti ya fedha nani ataisoma kama watu ni tisa? Mkesha ndo unapata wasomaji. Mwanafunzi wa uhasibu ambaye hajawahi kuja mkutanoni, usiku ule atanyanyuka aseme hesabu mimi naijua, leteni.

dada_wa_zamu:
Nyote mmeongea vizuri ila hamjagusa usalama na mimi hili linanikosesha usingizi. Mei 4, 1970 pale Kent State, chuo cha Marekani ambako wanafunzi walikuwa wanapinga vita ya Vietnam, wanajeshi wa jimbo walifyatua risasi kwa sekunde 13, wanafunzi wanne wakafa na tisa wakajeruhiwa. Wawili kati ya waliokufa hawakuwa hata wanaandamana, walikuwa wanapita kwenda darasani. Siku kumi na moja tu baadaye Jackson State, chuo cha watu weusi, polisi wakaua vijana wawili, na hao watu huwasahau, naomba mtandao wenu usiwasahau. Migomo ya mwezi ule iliingiza wanafunzi zaidi ya milioni nne. Kwa hiyo ukimwita mtu aje kuandamana umebeba dhamana yake. Wekeni watu wa zamu wenye vitambaa mkononi, mjue nani ana hali ya kiafya, nani ni mwanafunzi wa kigeni ambaye akikamatwa anaweza kufukuzwa nchini, na huyo apewe kazi ya ndani bila kuulizwa maswali mbele za watu.

La pili, mwaka 1971 nyaraka za FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, zilivuja zikaonyesha walivyokuwa wanapenyeza watu kwenye vikundi vya wanafunzi. Akija mgeni mwezi huu na mwezi huu huu anawahimiza mchome kitu au mvunje vioo, mpeni mgongo. Msianze kunyosheana vidole nani jasusi, hiyo inaua kikundi haraka kuliko jasusi mwenyewe, wekeni sheria tu kuwa hapa hatuvunji na hatupigi, anayetaka hivyo hatumfuati. Na listi ya majina kila chuo kitunze ya kwake, zisikae zote sehemu moja.

kalamu_ya_risasi:
Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili. Jana usiku nimempigia yule dada, nikamwambia swali lako hatukulijibu, naomba unisamehe. Kasema yuko tayari kuwa mjumbe wa pili wa chuo chetu ila kuongea mbele ya watu hapana, hataki kuitwa asimulie habari za kwao kila kikao. Nimemwelewa na nimewaambia wenzangu wasimwombe.

Tumekubaliana hivi: grupu limefungwa ni matangazo tu, nembo tumeiweka kando, mkesha utakuwa usiku mmoja kwenye vyuo vyote vinne kabla ya mitihani, kila chuo kitafute wahadhiri wake wawili. Sisi mmoja keshakubali, anafundisha historia, kauliza tu kama kutakuwa na kipaza sauti. Leo asubuhi saa moja tulikuwa mlango wa maktaba na meza na fomu za majina, watu wanne, na yule dada alikuwa wa kwanza kufika. @Baraza_la_Nje hiyo ripoti ya fedha huwa inaombwa ofisi gani, na lazima barua iwe na muhuri wa serikali ya wanafunzi au mwanafunzi yeyote anaweza kuomba?

Baraza_la_Nje:
Anzia ofisi ya mhasibu wa chuo, barua ya kawaida, ipigwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na nakala. Chuo cha umma wakikuzungusha tumieni sheria ya kupata taarifa kama nchini kwenu ipo. Ikitoka nitumie inboksi, nitakaa nayo wikiendi.