Ushauri: Je, inafaa kupima bei ya hisa ya kampuni moja kwa faida ya miaka kumi iliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei?

Mkodi wa Wete (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, na kazi yangu ni kukodi mikarafuu. Kabla ya msimu nakwenda shambani, natazama matawi, nakubaliana bei na mwenye shamba, na baada ya hapo mavuno ya msimu huo yanakuwa yangu, yakiwa mengi au machache. Msimu uliopita ulikwenda vizuri. Baada ya kuwalipa wachumaji na kutoa zaka, nimebakiwa na akiba ambayo sitaki irudi yote kwenye karafuu, na nimekwisha kufungua akaunti ya hisa kwa dalali mmoja. Hatifungani za riba sizitaki, na kampuni za bia na sigara sizigusi. Katika zilizobaki, moyo wangu umeelekea kampuni moja ya saruji, ambayo sitaitaja ili uzi huu usionekane wa kuipigia debe wala kuiponda.

Hisa yake inauzwa shilingi 2,400, na faida kwa kila hisa mwaka uliopita ilikuwa shilingi 400. Dalali ananiambia kwamba bei ni mara 6 tu ya faida, kwa hiyo hisa ni rahisi mno na nisichelewe. Lakini nilipofungua taarifa za miaka ya nyuma niliona kwamba kampuni hii haijapata kamwe faida ya kiasi hicho. Hizi hapa faida kwa kila hisa za miaka kumi, kuanzia mwaka wa zamani zaidi, nikiwa nimezifanya namba za mviringo ili iwe wepesi kuhesabu: 150, 170, 160, 90, 60, 110, 180, 210, 330, 400.

Nimesoma kwamba Profesa Robert Shiller wa Marekani hupima soko kwa kugawanya bei ya leo kwa wastani wa faida ya miaka kumi, baada ya kila mwaka kurekebishwa kwa mfumuko wa bei. Nikajaribu. Wastani mtupu wa namba zangu ni 186, na kwa huo bei inakuwa karibu mara 13 ya faida. Kisha nikazipandisha namba za nyuma kwa asilimia 4 kwa kila mwaka uliopita, wastani ukawa 214.5, na bei ikawa mara 11.2. Kwa hisa ile ile ninazo namba tatu: 6, 13 na 11. Naomba mnielekeze ipi niishike, na kama njia hii inafaa kwa kampuni moja au ni ya soko zima tu. Kabla ya kukodi mashamba ya msimu ujao ni lazima nijue fedha ipi inakwenda wapi.

Mhasibu Mstaafu, Unguja

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeuliza swali zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu nimekagua vitabu vya kampuni kwa miaka mingi na nimeona watu wengi wakinunua mwaka mmoja wa neema wakidhani wamenunua kampuni.

Kwanza, fikra yenyewe ilianzia kwenye kampuni moja moja. Benjamin Graham na David Dodd, katika kitabu chao cha mwaka 1934, waliwashauri wachambuzi watumie wastani wa faida wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi, kwa sababu faida ya mwaka mmoja hubebwa na hali ya biashara ya mwaka huo. Shiller pamoja na John Campbell waliichukua fikra hiyo mwaka 1988 wakaitumia kwa soko zima la Marekani, wakihesabu faida kwa thamani halisi, yaani baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Kwa hiyo hujakosea kuipeleka kwenye kampuni moja. Ila kwenye kampuni moja kuna kazi zaidi ya kufanya.

Ubora wa njia hii ulionekana wazi katika msukosuko wa fedha wa 2008 na 2009. Faida za kampuni kubwa 500 za Marekani ziliporomoka kiasi kwamba, kwa aliyetumia faida ya miezi 12 pekee, katikati ya mwaka 2009 bei ilikuwa zaidi ya mara 100 ya faida, na soko lilionekana ghali kupita kiasi. Aliyetumia wastani wa miaka kumi aliona kwamba mwezi wa Machi mwaka huo bei ilikuwa karibu mara 13, chini ya wastani wa muda mrefu ambao ni kama 16 au 17. Hali yako ni hiyo hiyo iliyogeuzwa: huko mwaka mbaya uliifanya bei ionekane ghali, na kwako mwaka mzuri unaifanya ionekane rahisi. Namba 6 ya dalali si ya uongo, lakini inakujibu swali moja tu, nalo ni je, faida ya 400 itakaa?

Kati ya 13 na 11, ishike ya 11, kwa sababu shilingi 150 ya mwanzo wa orodha yako ina uwezo wa kununua sawa na shilingi 213 za leo kwa kiwango ulichotumia. Kujumlisha shilingi za miaka tofauti bila kuzirekebisha ni sawa na kujumlisha pishi na kilo. Hata hivyo, usitumie asilimia 4 kila mwaka kama mtu anayekata kitambaa kwa kipimo kimoja. Chukua fahirisi ya bei yenyewe, yaani namba rasmi ya takwimu inayoonyesha bei za bidhaa zimepanda kiasi gani mwaka hadi mwaka. Kwa miaka ya karibuni 4 haiko mbali na ukweli, lakini mfumuko wa bei wa mwaka nchini ulifika asilimia 19.8 mwezi wa Disemba 2011, na kwa anayeanzia hesabu zake miaka ile, kosa la kipimo kimoja linakuwa kubwa sana.

Sasa kuna jambo limenishtua kwenye orodha yako. Mwaka wa tatu faida kwa hisa ni 160, na wa nne ni 90. Huenda biashara ilianguka. Huenda pia kampuni iliongeza idadi ya hisa, kwa kuzigawa au kwa kuwapa wanahisa hisa za nyongeza bila malipo, na kama ni hivyo namba tatu za mwanzo hazilingani kabisa na hizo saba zinazofuata. Fungua taarifa ya mwaka wa nne, nenda kwenye maelezo ya mtaji wa hisa, utazame idadi ya hisa mwanzoni na mwishoni mwa mwaka.

Dada wa Vikokotoni

Naomba kuuliza, mzee wangu, kabla kaka wa Wete hajarudi. Ni fahirisi ipi? Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa ya Tanzania Bara, na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Zanzibar inatoa yetu. Mwekezaji anaishi Wete, mchele na mafuta ya kupikia ananunua Wete, na gawio akilipata atalitumia Wete. Kwa maoni yangu thamani halisi kwake ni ile inayopimwa kwa bei za Zanzibar.

Mhasibu Mstaafu, Unguja

Hoja yako ina uzito, dada, lakini hapa kuna maswali mawili yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja. Swali la kwanza ni kama kampuni imekuwa ikipata faida zaidi au kidogo kuliko zamani, na kwa hilo tunatumia bei za mahali inapouza saruji na kulipa mishahara, ambako kwa sehemu kubwa ni Bara. Swali la pili ni kama gawio litamtosha mwenye nyumba Wete, na kwa hilo fahirisi ya Zanzibar ndiyo haki yake. Katika kupima bei ya hisa tuko kwenye swali la kwanza. Zaidi ya hapo, aangalie kwamba msingi wa fahirisi, yaani mwaka unaohesabiwa kuwa 100, hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo asichukue namba kutoka majedwali mawili yenye misingi tofauti bila kuyaunganisha.

Binti wa Mkoani

Kaka yangu wa Wete, wewe kazi hii unaifanya kila msimu, ila hujaipa jina hilo. Marehemu baba yangu alikuwa akinunua mashamba ya mikarafuu, si kukodi, na alikuwa na daftari la jalada gumu ambalo bado ninalo. Kila msimu aliandika pishi zilizochumwa na fedha zilizopatikana, na pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika fedha hizo zingenunua magunia mangapi ya mchele siku ile. Alipotaka kujua shamba lina thamani gani, hakutazama safu ya fedha hata mara moja. Alijumlisha safu nyekundu kwa misimu yote aliyonayo, akagawa. Mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mara nyingi mwakani hupumzika, na muuzaji hodari huleta shamba sokoni mara tu baada ya mwaka wa kuzaa, majamvi yakiwa bado yamejaa uani.

Wewe kama mkodi unanunua msimu mmoja, kwa hiyo msimu mmoja ndio unaoutazama, na ni sawa. Hisa ni shamba lenyewe.

Mkodi wa Wete (mwanzilishi wa uzi)

Nawashukuru nyote, na wewe dada wa Mkoani umenigusa mahali.

Mzee, umeona vizuri kuliko mimi. Nimefungua maelezo ya mtaji na nimekuta kwamba mwaka wa nne kila mwanahisa alipewa hisa moja ya nyongeza kwa kila hisa moja aliyokuwa nayo. Idadi iliongezeka mara mbili bila shilingi moja kuingia. Kwa hiyo nimezigawa kwa mbili faida za miaka mitatu ya mwanzo zikawa 75, 85 na 80, na nilipozirekebisha kwa mfumuko wa bei wastani wa miaka kumi umeshuka hadi 181.7. Bei sasa ni mara 13.2. Na nimeona jambo jingine: mwaka wa nne haukuwa mbaya hata kidogo, kwa sababu 90 ni zaidi ya 80 hata baada ya marekebisho. Mwaka mbaya kwa kweli ulikuwa mmoja, wa tano.

Je, 13.2 ni ghali au rahisi? Nilinganishe na nini?

Mchambuzi wa Chake

Niruhusuni niingie hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea.

Usiilinganishe na ile 16 au 17 ya Marekani. Ule ni wastani wa soko jingine lenye kumbukumbu zinazorudi hadi 1871. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, kampuni zilizoorodheshwa ni chache, na kwa baadhi ya hisa zinapita siku nyingi bila mauzo ya maana, hivyo hata bei unayoiona inaweza kuwa imewekwa na watu wawili waliouziana hisa mia. Linganisha kampuni yako na historia yake yenyewe: hesabu uwiano huo huo kwa kila mwaka ambao una data ya kutosha nyuma yake. Kisha igeuze namba. Gawanya 1 kwa 13.2, utapata kama asilimia 7.6, ambayo ni faida halisi ya wastani kwa kila shilingi unayoitoa leo, tayari imeondolewa mfumuko wa bei. Hiyo unaweza kuiweka mezani pamoja na unachopata kwenye karafuu, mradi karafuu nazo uzihesabu kwa misimu kumi, pamoja na ile uliyopata hasara.

Tahadhari mbili. Wastani wa miaka kumi huichelewesha kampuni inayokua. Kama kiwanda kilijenga tanuri jipya mwaka wa saba na sasa kinazalisha saruji nyingi zaidi, basi 60 ya mwaka wa tano ni faida ya kiwanda kidogo ambacho hakipo tena, na 13.2 inaionea kampuni. Jua kama tani zimeongezeka au ni bei ya mfuko tu iliyopanda. Kama ni tani, punguza uzito wa miaka ya zamani. Kama ni bei, ushike wastani kwa mikono miwili, kwa sababu bei nzuri huwaita washindani.

Ya pili, uwiano huu haukwambii lini. Shiller na Campbell walikwenda kuwaeleza wakuu wa benki kuu ya Marekani mwezi wa Disemba 1996 kwamba soko limepanda kupita kiasi, nalo likaendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu, uwiano ukifika karibu 44 mwishoni mwa 1999, kabla ya kuanguka. Walikuwa sahihi, lakini aliyeuza siku ile alisubiri sana.

Mkodi wa Wete (mwanzilishi wa uzi)

Nimezitafuta tani. Uzalishaji umeongezeka kidogo tu. Sehemu kubwa ni bei ya mfuko. Na katika faida ya 400 ya mwaka uliopita, shilingi 70 kwa kila hisa zimetokana na kuuza kiwanja. Niiondoe?

Mhasibu Mstaafu, Unguja

Ihesabu kwa njia zote mbili ujionee. Kwa hesabu ya dalali, ukiondoa 70 bei inaruka kutoka mara 6 hadi mara 7.3. Kwa wastani wa miaka kumi inatoka 13.2 na kuwa 13.7. Mimi ningeiondoa, kwa sababu kiwanja hakiuzwi mara mbili, kisha ningerudi kwenye taarifa za miaka mingine tisa kutazama kama hakuna kiwanja kingine, au hasara ya mara moja ambayo nayo inastahili kuondolewa.

Mkodi wa Wete (mwanzilishi wa uzi)

Nimekubali. Nimemwandikia dalali kwamba kwa bei ya 2,400 sinunui, na kwamba nitaiangalia tena ikishuka chini ya 1,800, ambapo kwa wastani usio na kiwanja itakuwa karibu mara 10. Jumamosi nakwenda shambani kutazama matawi, na safari hii nimenunua daftari na kalamu nyekundu.