Nabakiza kamshafti ya kiwandani kwenye injini ya Toyota 4A-FE, kompresheni nipandishe mpaka ngapi?

Kizota_4A: Habari za muda huu wakuu. Nina Corolla 101 yenye 4A-FE, imeshafunguliwa kwa fundi hapa Majengo, ilikuwa inakula oili mpaka plagi ya tatu inatoka nyeusi imelowa. Bloki inaenda kuboriwa, naweka pistoni za ovasaizi ya 0.50, hedi inaenda kuchongwa maana imepinda kidogo. Sasa fundi anasema tuchonge milimita moja na nusu kabisa ili gari ipate nguvu, ila kamshafti (kemu, ile shafti inayofungua valvu) inabaki ileile ya Toyota, hela ya kemu kali sina. Kiwandani kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ni 9.5. Gari ni ya kazi, Dodoma Dar mara kwa mara na Iringa kupitia Mtera nikiwa na mzigo. Niende 10 au 11? Naombeni ushauri kabla hedi haijapanda mashine maana ikishachongwa ndo basi.

mtu_wa_hedi: Mkuu, milimita moja na nusu kataa kabisa. Angalia valvu ya kuingiza hewa inafunga wakati gani. Kemu kali inachelewa kuifunga, pistoni inaanza kupanda valvu bado iko wazi, hewa nyingine inarudi ilikotoka, kwa hiyo kwenye mzunguko mdogo injini haibani kama namba inavyosema, ndo maana wenye hizo kemu wanaenda 11 na zaidi bila shida. Ya kwako inafunga mapema, kilichoingia karibu chote kinabanwa. Ukiweka 11 halafu upandishe Nyang'oro na mzigo, gia ya tatu, mguu umezama, itagonga (mafuta yanalipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu), na ikiendelea kugonga inakata ringi na kutoboa pistoni.

Ihumwa Mekanika: Mimi ningempa 10.5, naziona hapa Dodoma zinatembea vizuri tu.

mtu_wa_hedi: Hapa Dodoma sawa kaka, tuko kama mita 1,100 juu, hewa ni pungufu ya Dar kwa karibu asilimia 12. Injini iliyonyamaza hapa inashuka usawa wa bahari, inavuta hewa yote na lile joto, inaanza kugonga. Na jamaa kasema Dar anaenda kila mara, kwa hiyo namba aichague kwa ajili ya Dar. Tena faida yenyewe ndogo, kutoka 9.5 kwenda 11 kwa hesabu ya kitabuni haizidi asilimia 4.

Binti_Injini: Naongezea hesabu. Silinda moja ya milimita 81 upana kwa 77 za mwendo wa pistoni ni kama cc 397. Kwa 9.5 nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni kama cc 46.7, ili ufike 10.5 unatakiwa uondoe karibu cc 5. Nusu milimita kwenye hedi inatoa chini ya cc 2.6, na hizo pistoni za ovasaizi zinakuongezea kama 0.1 bila kuchonga chochote. Kila chumba kipime, laza hedi kichwa chini na plagi zimefungwa, funika na kipande cha kioo chenye tundu, pakaa grisi pembeni, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano huku unasoma cc, vyumba vyote vinne vilingane. Ukimaliza kufunga ukapima presha ya kompresheni kwa geji usishtuke, kitabu cha Toyota kinataka psi 191 na kikomo cha chini 142, kwa huku juu itasoma chini kidogo na sio ugonjwa.

Kizota_4A: Nimewaelewa sana wakuu. Namwambia achonge mpaka inyooke tu, isizidi nusu milimita. Gasketi je?

mtu_wa_hedi: Gasketi unene uleule wa kiwandani. Taimingi ya cheche, unganisha TE1 na E1 (pini za soketi ya kupimia gari) kwanza, weka digrii 10 kwa taa ya taimingi, usikubali fundi aiongeze kwa kusikiliza.

Binti_Injini: Na rejeta izibuliwe kabla hedi haijarudi, hiyo hedi ilipinda kwa joto.