Kustaafu na kuhamia nyumba ndogo: nianze wapi kuachilia?

Mstaafu_Mtarajiwa
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa vitendo, kutiwa moyo nimeshatiwa vya kutosha. Nastaafu baada ya miezi mitatu nikiwa mkuu wa idara. Watoto wameshajitegemea, na mimi na mwenzangu tunahama kutoka nyumba ya vyumba vitano kwenda ya viwili. Stoo ina vitabu vya kazi, madaftari ya watoto na vitu vya marehemu mama. Kila nikifungua mlango naufunga tena. Halafu kuna lisilohusu vitu kabisa: nikishakabidhi ofisi, nitakuwa nani? Nianze na lipi, kwa utaratibu gani? Nawasilisha.

Sikio_la_Tatu
Mkuu, anza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalokufungia mlango wa stoo. William Bridges, Mmarekani aliyeandika sana juu ya jambo hili, alitenganisha mabadiliko na mpito. Mabadiliko ni tukio la nje, lina tarehe. Mpito ni kazi ya ndani, nayo huanza na mwisho, ikafuatiwa na kipindi cha katikati kisichoeleweka, ndipo mwanzo mpya uje. Wengi hukwama kwa sababu wanakimbilia mwanzo mpya kabla hawajajua wanaaga nini hasa.

Chukua karatasi, chora safu tatu. Ya kwanza: kinachokwisha. Ya pili: kilikuwa kinanipa nini. Ya tatu: hicho naweza kukipata wapi pengine. Usiandike "ukuu wa idara", ni neno pana mno. Livunje: kuombwa ushauri, kuwa na mahali pa kwenda asubuhi, kipato, heshima ya cheo, wenzako wa kuzungumza nao. Kila kimoja kina dawa yake. Anayekosa watu wa kuzungumza nao hatasaidiwa na kazi ya ushauri anayoifanya peke yake nyumbani, hata ikilipa vizuri.

Safu ya tatu usiiguse kwa wiki nzima. Ukiijaza siku hiyohiyo utaandika majibu ya kujifariji. Na palipo na kisicho na mbadala, andika "hakuna". Hapo ndipo majonzi yalipo, na yanastahili kupewa nafasi.

Mpanga_Nyumba
Nakuja kwenye stoo. Ugumu unaouona si udhaifu wako. Watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio ya vikombe: waliopewa kikombe walidai takriban mara mbili ya bei ambayo wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Na walikuwa wamekimiliki kwa muda mfupi tu! Kwa hiyo usijiulize "nikitoe?" Jiulize "kama kisingekuwa changu, ningekitafuta?"

Kabla ya yote, toa nyaraka: vyeti vya kuzaliwa na ndoa, hati za nyumba, wosia, karatasi za pensheni na bima. Pekua kurasa za vitabu na mifuko ya makoti, maana karatasi muhimu hupotelea huko. Kisha pima rafu na makabati ya nyumba mpya kwa futi kamba. Kama rafu za vitabu zina mita tatu, basi vitabu ni mita tatu, na mjadala unakuwa kati yako na rafu.

Mpangilio ni huu: anza na visivyo na kumbukumbu (vyombo vya ziada, dawa zilizopitwa na muda, nyaya za vifaa visivyokuwepo), halafu nguo, halafu vitabu na zana. Barua na picha ziwe za mwisho kabisa. Kosa kubwa la watu ni kuanza na albamu. Jioni inafika wamekaa sakafuni na hawajaamua hata kimoja. Fanya kazi saa moja na nusu kwa mara moja, si zaidi. Kuamua kunachosha, na aliyechoka ama anabakiza vyote ama anatupa vyote.

Vya kusitasita viwe na boksi mbili tu. Zifunge, andika orodha na tarehe juu, zikae miezi sita. Ambacho hukukihitaji humo kitoke. Siku hiyohiyo ya kuchambua, vya kutoa vitoke nje ya nyumba. Vikilala karibu na mlango vitarudi kimoja kimoja. Madaftari ya watoto si yako kuamua. Piga picha, watumie, wape tarehe ya kuchukua.

Nuru_ya_Alasiri
Pole kwa mama. Kwa vitu vyake utaratibu huo unahitaji kulegezwa. Watafiti wa majonzi Stroebe na Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anakabili msiba, mara anajenga maisha yanayoendelea, na zote mbili zina kazi. Basi mpe mama nusu saa, kisha nenda kapime madirisha ya nyumba mpya. Kushinda humo siku nzima kunaumiza, na kukwepa daima kunaumiza pia.

Kuachilia vitu vyake si kumwacha yeye. Kimoja kinachotumika kila siku kina uhai kuliko kumi vilivyo gizani. Vingine vipige picha kabla ya kuvitoa, na chini ya picha uandike kilikuwa cha nini na nani alikipenda. Watafiti Winterich, Reczek na Irwin walionyesha mwaka 2017 kwamba wanaohimizwa kupiga picha kwanza hutoa vitu vingi zaidi, kwa sababu walichoogopa kupoteza ni kumbukumbu.

Mstaafu_Mtarajiwa
Asanteni sana. Mama alifariki mwaka jana. Tatizo jingine: mwenzangu anataka tumalize yote wikiendi moja. Na ofisini nimeshawaambia wanipigie wakati wowote.

Sikio_la_Tatu
Hilo la simu lirekebishe mapema. "Wakati wowote" linakufanya usubiri simu, na simu zisipoita utaumia mara ya pili. Andika maelezo ya makabidhiano, kisha sema: wiki nne za kwanza, siku moja kwa wiki, saa fulani. Baada ya hapo maswali yaende kwa aliyeshika nafasi.

Kwenye kipindi cha katikati usitie saini jambo kubwa. Weka saa ya kuamka na miadi miwili ya kudumu kila wiki, na usitarajie izoeleke haraka. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake ulikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66, wengine 18, wengine 254. Ila huzuni au kutopenda lolote kukidumu wiki mbili mfululizo, pamoja na usingizi au hamu ya kula kuharibika, muone daktari. Mawazo ya kujidhuru hayangoji hata siku moja.

Mpanga_Nyumba
Kuhusu mwenzako: kila mtu aamue vyake, vya pamoja vitoke kwa "ndiyo" mbili, na kila mmoja awe na rafu moja isiyohojiwa. Wikiendi hiyo mpe vyombo, nyaya na dawa, atapata anachotaka kukiona kimekwisha. Vya mama hameni navyo, ndani ya boksi lake lenye jina, hata kama itabidi kitu kingine kibaki.