Ni wakati gani mtu apimwe tumbo, na apimwe nini hasa?

Mama wa Njiro (Arusha)

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa mliomo humu. Naomba ushauri. Kwa miezi kadhaa sasa tumbo langu hujaa gesi baada ya kula, hasa nikila maharage au nikinywa chai ya maziwa, na mara nyingine choo huwa chepesi kwa siku mbili tatu kisha kinarudi kuwa kigumu. Sijapungua uzito, sijaona damu, sina homa na usiku nalala vizuri. Hununua omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, duka la dawa, napata nafuu kidogo, kisha hali inarudi ilivyokuwa.

Juzi kituo kimoja hapa mjini kilinishauri nichukue kifurushi cha vipimo vya tumbo: damu kwa ajili ya H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo), Widal ya taifodi, choo kikubwa, na kipimo kingine ambacho choo husafirishwa nje ya nchi ili yaorodheshwe majina ya bakteria wote wanaoishi tumboni. Bei yake inazidi ada ya muhula ya mtoto wetu, na bima hailipii. Sikatai kupima, kwa kuwa afya haina mbadala, lakini ningependa kuelewa ni dalili zipi zinazomlazimu mtu kupimwa, na nitajuaje kipimo chenye maana kwangu.

Muuguzi Mstaafu (Majengo, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Nilihudumu kwa muda mrefu katika kliniki ya wagonjwa wa nje, na nilitamani kila mgonjwa aulize swali lako kabla ya kufungua pochi. Mimi hutumia kigezo kimoja: kipimo kinafaa pale ambapo jibu lake, liwe ndiyo au hapana, litabadilisha matibabu utakayopewa. Kama utashauriwa jambo lilelile kwa jibu lolote, fedha hiyo ina kazi nyingine nyumbani.

Zipo dalili ambazo hazingoji mjadala. Kupungua uzito bila kukusudia, kutapika mara kwa mara, chakula kukwama wakati wa kumeza, damu kwenye choo, upungufu wa damu usioeleweka chanzo chake, homa isiyokwisha, kuharisha kunakozidi wiki 4, na maumivu yanayokuamsha usiku: mwenye mojawapo kati ya hizo aende hospitali, asiende kununua kifurushi. Anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami huku akisikia kizunguzungu, apelekwe siku hiyohiyo. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo mama mjamzito anayevimeza asipatwe na hofu kabla ya kumwambia mhudumu.) Anayeharisha mwezi mzima apimwe pia VVU, na asione haya, kwa sababu ni sehemu ya uchunguzi wa kawaida.

Umri nao una uzito wake. Mwaka 2021 Marekani ilishusha umri wa kuanza kuchunguza saratani ya utumbo mpana kutoka miaka 50 hadi 45, hata kwa mtu asiye na dalili yoyote. Huku kwetu uchunguzi wa namna hiyo haujawa mazoea, lakini mtu wa umri huo ambaye mwenendo wa choo chake umebadilika ghafla, au ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliugua saratani hiyo, asiridhike na vidonge vya dukani.

Kwa jinsi ulivyoeleza, dalili za hatari huna. Ningeanza na maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa na kimeng'enya cha laktasi, kile kinachovunja sukari ya maziwa, na sukari isiyovunjwa ikifika utumbo mpana bakteria huichachusha, ndipo gesi na choo chepesi vinapoanza. Acha maziwa kabisa kwa wiki 2, pamoja na ya kwenye chai, uandike kila siku ulichokula na jinsi tumbo lilivyokuwa. Baadaye jaribu mgando, ambao wengi huuvumilia kwa kuwa bakteria waliougandisha wameshatumia sehemu ya sukari hiyo. Jaribio hilo halina gharama na jibu lake unalipata mwenyewe.

Mtu wa Maabara (Ngaramtoni)

Namuunga mkono mama yangu wa Majengo, nami niongeze kuhusu vipimo vyenyewe, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

H. pylori si jambo la kupuuzwa. Hadi leo wapo wanaoamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na mawazo tu, ilhali Barry Marshall na Robin Warren walimtambua bakteria huyu huko Australia mwaka 1982, wakaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha nafasi yake katika vidonda hivyo. Tatizo ni kipimo cha damu. Kile hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata baada ya bakteria kuuawa kwa dawa, kwa hiyo hakiwezi kukuambia kama unaye leo au ulikuwa naye zamani. Kwa kuwa maambukizi haya yamewapata watu wengi mno katika bara letu, usishangae kuona karibu kila anayepimwa damu anaambiwa anaye na kupewa mzigo wa antibiotiki. Omba kipimo cha antijeni kwenye choo, kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha pumzi pale kinapopatikana. Sharti lake ni hili: omeprazole na dawa za jamii yake ziachwe angalau wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4, la sivyo bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana, nawe unaambiwa huna kumbe unaye. Ukitibiwa, rudi upime tena si chini ya wiki 4 baada ya kumaliza dozi. Hatua hiyo ya kurudi ndiyo wengi huiruka, nayo inanisikitisha kuliko zote.

Widal kwa mtu asiye na homa sioni sababu yake. Nayo husoma kingamwili, ambazo huenda zimetokana na ugonjwa wa zamani au vijidudu vingine kabisa. Taifodi inayoshukiwa kweli huthibitishwa kwa kuotesha damu, yaani kuiweka maabara tuone kama bakteria watakua.

Choo kikubwa kina maana endapo kitaletwa inavyopaswa. Mara nyingi napokea kikopo ambacho mtu amekijaza tangu alfajiri, akakiweka kwenye mkoba, akapanda daladala, akapitia sokoni, na kunifikia saa tano choo kikiwa kimekauka pembeni. Amiba hai hutambulika kwa mwendo wake chini ya darubini, na akishakufa hatembei tena, kwa hiyo choo laini kinatakiwa kitufikie ndani ya nusu saa hivi. Kiwe kikopo kikavu, bila mkojo wala maji ya chooni, na ukiona kamasi au damu, uchote sehemu hiyohiyo. Sampuli moja isiyo na kitu haitoshi kusema huna, kwani giardia (kimelea kidogo cha utumbo) na mayai ya minyoo hayatoki kila siku. Kama umewahi kulima au kuchezea maji kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi au Mto wa Mbu, mwambie mpimaji, ili atafute na mayai ya kichocho cha tumbo.

Kuhusu orodha ya bakteria inayotoka nje ya nchi, ningekuomba uiache. Utafiti wa bakteria wa tumboni ni wa kweli na una matumaini makubwa, lakini hadi sasa hakuna kigezo kilichokubalika cha tumbo la kawaida cha kulinganisha na lako, kwa hiyo daktari akikabidhiwa karatasi ile hatakuwa na tiba ya kuandika kutokana nayo.

Mkulima wa Kahawa (Marangu)

Naomba nikazie moja kati ya dalili zilizotajwa, nayo ni chakula kukwama. Ukanda huu wa Afrika Mashariki, pamoja na Kilimanjaro yetu, una saratani ya umio, yaani mrija unaoshusha chakula tumboni, kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani, na watafiti waliopima chai ya watu wa mteremko wa mlima huu walikuta wengi huanza kuinywa ikiwa na moto wa zaidi ya hapo. Mgonjwa wa namna hii halalamiki maumivu mwanzoni. Utamwona anateremsha kila tonge kwa maji, kisha anaacha nyama, kisha anaacha ndizi, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee.

Mama wa Njiro (Arusha)

Asanteni sana wote. Maziwa nimeyaacha kuanzia leo, na kifurushi sitakinunua. Lakini maneno ya mzee wa Marangu yamenishtua. Mama yangu mzazi yuko Kibosho, ana miaka zaidi ya 60, na tangu baada ya Pasaka anakula mtori na uji tu. Akipewa machalari anasema nyama inagoma kushuka. Tulidhani ni meno. Je, naye asubiri tuone, au nimpeleke?

Muuguzi Mstaafu (Majengo, Moshi)

Mpeleke wiki hii, mwanangu. Inawezekana ikawa kitu kingine kinachotibika kwa urahisi, lakini ni endoskopi tu, yaani ule mpira mwembamba wenye kamera, itakayotuambia. Anzeni hospitali ya karibu mpate barua ya rufaa ya kwenda KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, na mtakapofika semeni waziwazi kwamba chakula kigumu kinakwama na kimekwama tangu lini. Msiseme "tumbo linamsumbua", kwani mtapewa dawa za asidi na kurudishwa nyumbani. Usiku wa kuamkia kipimo asile kitu. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hasa kama anatumia za kisukari au za kuzuia damu kuganda, uzionyeshe kabla hajapangiwa siku. Na awepo mtu wa kumsindikiza, kwa sababu akichomwa sindano ya usingizi hataruhusiwa kuondoka peke yake.