Daktari wa Tanzania kusajiliwa Uingereza: nimlipe wakala, na niache kazi?

Tabibu wa Ziwa:
Salaam, waheshimiwa madaktari. Nilihitimu Muhimbili, nikamaliza mwaka wa utarajali, na sasa ni mwaka wa tatu niko hospitali ya wilaya nikiwa mwajiriwa wa serikali. Nakusudia kusajiliwa Uingereza kupitia PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, na baadaye nibobee katika tiba ya watoto. Wakala mmoja ameahidi kunitafutia kazi kwa ada inayokaribia mshahara wangu wa miezi mitano. Je, nilipe? Na je, niache kazi ili nipate muda wa kusoma?

Mhamiaji:
Usilipe hata senti, dokta. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo waajiri wa Uingereza wamekatazwa kwenda kusaka watumishi wa afya, kwa sababu ya upungufu uliopo kwetu. Hata hivyo daktari anayeomba mwenyewe hazuiwi. Kanuni zenye orodha hiyo zinakataza pia wakala kumtoza mwombaji ada ya kutafutiwa kazi, hivyo huyo wako ameshajieleza.

Kazi usiache. Anza na mtihani wa Kiingereza, IELTS: wastani wa 7.5, na pasiwe na sehemu iliyo chini ya 7.0. Usitegemee kwamba tulifundishwa kwa Kiingereza, maana baraza lao la madaktari, GMC, huangalia pia lugha uliyozungumza na wagonjwa ukiwa masomoni, na sisi wodini tulizungumza nao Kiswahili. Sehemu ya kwanza ya PLAB ni maswali 180 kwa saa 3, na waweza kuifanyia nje ya Uingereza. Ya pili hufanyika Manchester tu, kwa hiyo weka akiba ya viza, nauli na malazi. Cheti cha mwenendo mwema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika usikiombe mapema, kwani GMC hukipokea ndani ya miezi 3 tu tangu kisainiwe.

Jambo linalokwamisha wengi ni majina. Yakitofautiana kati ya pasipoti na shahada, uhakiki wa vyeti husimama mpaka utoe maelezo.

Bingwa Mtarajiwa:
Naongezea kuhusu sehemu ya pili, yenye vituo 16, yaani visa vya kuigiza, vya dakika 8 kila kimoja. Wiki moja kabla ya mtihani wangu, katika mazoezi, mwigizaji aliyecheza mgonjwa wa nimonia alikataa kulazwa. Nikamweleza hatari zake dakika nne mfululizo, kama ninavyomweleza bibi wodini, nikiamini kwamba akielewa atakubali. Mwalimu alipomwuliza sababu, akajibu kwamba nyumbani ameacha mbwa asiye na wa kumlisha. Mbwa! Mimi sikuwa nimeuliza chochote. Ugonjwa niliujua tangu sekunde ya thelathini, lakini alama nyingi zilikuwa kwenye swali hilo moja, nami nilitumia siku zilizobaki kujizoeza kuuliza kabla ya kushauri.

Tabibu wa Ziwa:
Nashukuru sana. Nimefungua kabati sasa hivi: pasipoti ina majina matatu, shahada ina mawili. Wakala nimemjibu kwamba sitaendelea naye, na Jumatatu naenda kwa wakili kuapa kiapo cha majina.