Mrejesho: kelele ndani ya kibanda cha trekta

Ndugu zangu, mwezi Machi niliomba ushauri kuhusu trekta langu la mwaka 1984, ambalo sponji ya dari ya kibanda ilikuwa imegeuka unga, na kelele zilimfanya dereva atoke shambani masikio yakimvuma. Nawashukuru wote mlionijibu.

Ushauri uliofaa kuliko mwingine ni ule wa kuziba matundu kwanza: nilipong'oa zulia la zamani nilikuta nafasi kuzunguka nyaya, pedali na mkono wa gia, nikaziziba kwa raba, na mvumo ukapungua kabla sijagusa kitu kingine. Kisha nilitandika mpira mzito sakafuni na kwenye ukuta unaopakana na injini, kwa kuwa sponji peke yake humeza mwangwi lakini haizuii sauti kupita. Kipimo cha simu, ambacho sikiamini sana, kilishuka kutoka desibeli 94 hadi 87.

Dari ndiyo iliyonishinda. Gundi ya kawaida iliachia kwa joto la jua katika wiki ya pili, na sasa nimeibana kwa vipande vya alumini na skrubu. Mlio wa pampu ya haidroliki bado upo, hivyo dereva anaendelea kuvaa vizibo vya masikio.