MREJESHO: Mama, uzito mkubwa na magoti yaliyosagika

Wakuu, niliuliza kama mazoezi yatammaliza mama magoti, maana ana uzito mkubwa na gegedu (ile kinga laini kwenye ncha za mifupa ya goti) zimelika. Asanteni sana.

Tulifuata ushauri wa kuimarisha misuli ya paja: kusimama na kuketi kwenye kiti kirefu, na kuinua mguu ulionyooka akiwa amelala. Maumivu yakizidi hadi kesho yake tunapunguza, hatuachi. Sasa anafika sokoni kwa miguu na dawa anameza mara chache.

Kuchuchumaa hadi chini kulimuumiza, tukaacha. Ngazi bado zinamtesa. Uzito nao haujashuka sana. Tunapambana na ugali wa usiku. Ile hoja kwamba kilo 1 ikipungua goti linapunguziwa kama kilo 4 kila hatua, anawahubiria majirani!